Mkono wa Kinga wa Waamazighi: Mwongozo Kamili wa Kuusoma, Kuuchora na Kuufua kwa Nyundo

Mtu anayetaka kuchora khamsa, yaani hirizi yenye umbo la mkono, kwa desturi ya Waamazighi wa Afrika Kaskazini kwa kawaida huanza kwa kuweka kiganja chake juu ya karatasi na kukizungushia penseli, na hapo ndipo anapoachana na desturi hiyo kabla hata hajaingia ndani yake. Katika vito, mazulia, vyungu na kuta za Waamazighi, kinachoaminiwa kumkinga mtu dhidi ya jicho la hasidi ni idadi ya tano, na vidole ni njia mojawapo tu ya kuihesabu. Fundi anaweza kuionyesha tano kwa vidole, lakini pia anaweza kuionyesha kwa nukta, kwa mistari, au kwa maumbo ya uru kama yale ya kwenye karata, na aliyelelewa katika desturi hiyo atautambua mkono pale ambapo mgeni haoni mkono wowote. Mwongozo huu umepangwa kwa kufuata msingi huo: jicho lifundishwe kwanza, penseli ifuate, na nyundo ije mwisho.

Hatua ya kwanza: kujua mkono huu ni wa nani

Waamazighi, ambao kwa lugha yao hujiita Imazighen, ni wenyeji wa kale wa Afrika Kaskazini, na makazi yao yametawanyika kuanzia oasisi ya Siwa nchini Misri hadi pwani ya Atlantiki nchini Moroko, na kuanzia milima ya Kabylie karibu na Mediterania hadi nchi za Watuareg katika Sahara ya Niger na Mali. Lugha yao ilipewa hadhi ya lugha rasmi nchini Moroko mwaka 2011 na nchini Aljeria mwaka 2016. Mkono huitwa afus katika lahaja zao nyingi, lakini hirizi yenye umbo la mkono inajulikana zaidi kwa jina la Kiarabu, khamsa, au khmisa kama wanavyotamka watu wa Moroko. Jina la “mkono wa Fatima”, linalomrejea binti wa Mtume Muhammad, lilienezwa sana na Wafaransa wakati wa ukoloni, na Wayahudi wa nchi hizo hizo huunasibisha mkono huo na Miriamu, dada yake Musa.

Ni muhimu kutoanza kazi kwa kudhani kwamba alama hii ni mali ya Waamazighi peke yao. Mikono iliyoinuliwa imechongwa kwenye mawe ya nadhiri ya Carthage, mji wa kale katika Tunisia ya leo, karne nyingi kabla ya Uislamu, sambamba na alama ya mungu wa kike Tanit, ingawa anayedai kwamba khamsa ya leo imetoka moja kwa moja kwenye mawe hayo anaruka pengo kubwa la muda bila daraja. Huko Granada, Hispania, mkono umechongwa juu ya tao la nje la Lango la Haki la ngome ya Alhambra, lililokamilika mwaka 1348 wakati wa Sultani Yusuf wa Kwanza. Aljeria imeuweka mkono katika nembo yake ya taifa. Sehemu kubwa ya fedha iliyovaliwa na wanawake wa Kiamazighi kusini mwa Moroko ilifuliwa na masonara Wayahudi, ambao wengi wao walihama nchi hiyo katikati ya karne ya 20, na ni haki yao kutajwa kila kazi hizo zinapozungumzwa.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana imani inayobeba alama hii, kwa kuwa kijicho, husuda na hirizi ni mambo anayoyafahamu kwa majina yake. Linalohitaji kuelezwa ni namna Waamazighi walivyoigeuza imani hiyo kuwa hesabu ya maumbo.

Hatua ya pili: kulifundisha jicho kuona tano

Hatua hii ndiyo kubwa kuliko zote, na haifai kuharakishwa. Mtafiti Mfini Edvard Westermarck, aliyefanya utafiti wa miaka mingi nchini Moroko mwanzoni mwa karne ya 20, alikusanya nakshi za vito, ngozi, vyungu na mazulia na kuonyesha jinsi mkono unavyoweza kupunguzwa hatua kwa hatua, kutoka kiganja chenye vidole hadi mistari mitano, kutoka mistari mitano hadi nukta tano, na kutoka nukta tano hadi msalaba ambao mikono yake minne na kitovu chake vinatimiza tano. Si lazima kukubali kila hitimisho lake, kwa maana mtu akiitafuta tano kwa bidii ataiona kila mahali, lakini njia yake ya kuangalia ni zoezi bora kwa anayeanza.

Chukua picha iliyo wazi ya bizimu la fedha, zulia au chungu cha Kiamazighi, uiwekee juu karatasi ya kufuatishia, kisha ufuatishe kwa penseli kila mahali penye vitu vitano vilivyowekwa pamoja kwa makusudi. Anza na mpangilio wa nne pembeni na moja katikati, ambao ni wa kawaida mno na ambao jicho la mgeni huuchukulia kuwa pambo tupu. Baada ya hapo tafuta mistari mitano inayosimama juu ya mstari mmoja wa chini, ingawa hapa utahitaji tahadhari, kwa sababu umbo hilo hilo linaweza kuwa kitana cha kufumia ambacho mfumaji hukitumia kushindilia nyuzi. Kisha tafuta maumbo matano ya uru. Mwisho angalia vining’inio vya bizimu na vya mikufu, uhesabu matone au sarafu zinazoning’inia.

Utakapokutana na uru lenye nukta katikati, simama kidogo, kwa sababu umbo hilo mara nyingi husomwa kama jicho. Mkono na jicho hukaa pamoja katika sanaa hii kwa sababu mmoja unamkabili mwenzake: mtu wa Moroko au Aljeria anayetaka kujikinga hunyoosha vidole vitano mbele na kusema maneno ya Kiarabu yenye maana ya “tano jichoni mwako”. Zamani, katika sehemu nyingi za Moroko, kutamka namba tano mbele ya mtu kulionekana kuwa ni kumshuku kwamba ana jicho baya, hivyo watu walitafuta njia nyingine ya kuitaja, kama vile kusema “idadi ya mkono wako”. Siku ya Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu ni siku ya tano, ilihesabiwa kuwa siku yenye kinga. Haya yote yanaonyesha kwamba tano ilifanya kazi kwenye ulimi, kwenye kalenda na kwenye kiganja kwa wakati mmoja, na mchoro ulikuwa mahali pamoja tu kati ya hapo.

Alama hiyo pia ilipigwa moja kwa moja kwa mkono wenyewe. Kiganja kilichochovywa hina, au damu ya mnyama wa Idi ya kuchinja, kiligandamizwa ukutani au mlangoni, na kwenye milango ya miji ya kale ya Moroko na Tunisia bado kuna vibishio vya chuma au shaba vyenye umbo la mkono. Hina ingali hai katika harusi, ilhali chale za usoni zilizotiwa rangi, ambazo nazo zilibeba nukta na misalaba ya kinga, zimebaki zaidi kwa wanawake wazee.

Yapo maonyo mawili hapa. La kwanza linahusu wauza mazulia, ambao humpa mnunuzi orodha ya maana, kila umbo na tafsiri yake, kana kwamba zulia ni barua. Nakshi hizo zimefumwa na wanawake, nazo zina majina yanayobadilika kutoka kijiji hadi kijiji, na mara nyingine kutoka kwa mama hadi kwa binti. Kwa maoni yangu, anayeheshimu kazi yao atasema “umbo hili husomwa kama mkono” na hatakwenda mbali zaidi ya hapo. Onyo la pili linahusu herufi ⵣ, iitwayo yaz, ambayo wageni wengi huidhani kuwa mtu aliyeinua mikono au aina ya khamsa. Hiyo ni herufi ya Tifinagh, mwandiko wa Waamazighi, nayo ndiyo iliyochorwa kwa rangi nyekundu katikati ya bendera yao yenye buluu, kijani na njano. Ni alama ya utambulisho wa watu, haina kazi ya hirizi, na haifai kuwekwa ndani ya mkono kwa sababu tu inapendeza.

Hatua ya tatu: kuchagua desturi ya eneo moja

Kosa linaloharibu michoro mingi ni kuchanganya maeneo. Chagua moja na ukae nalo hadi kazi iishe.

Kusini mwa Moroko, katika milima ya Anti-Atlas na mji wa Tiznit unaosifika kwa masonara wake, khamsa hufuliwa kwa fedha, ikachorwa kwa patasi nyembamba na kugongwa alama ndogo ndogo, na wakati mwingine juu yake huwekwa mjusi, mnyama ambaye naye huhesabiwa kuwa mlinzi. Nchini Aljeria, mafundi wa Ath Yenni katika Kabylie hutumia njia tofauti kabisa: huunganisha nyuzi nyembamba za fedha juu ya bamba ili kutengeneza vyumba vidogo, wakavijaza enameli, yaani unga wa kioo unaoyeyushwa kwa moto, ya buluu iliyokolea, ya kijani na ya njano, kisha wakapandikiza vipande vya marijani nyekundu. Mtu akikiona kito cha fedha chenye rangi hizo tatu na marijani, hawezi kukisahau.

Watuareg wa Niger na Mali wamekwenda mbali zaidi kuliko wote, na mimi naiona kazi yao kuwa ndiyo ushahidi ulio wazi kuliko wowote wa yale yaliyosemwa mwanzoni. Kidani chao kiitwacho khomeissa hakina kidole hata kimoja. Ni vipande vitano vya umbo la uru, vya fedha au vya ganda jeupe la kombe, vilivyopangwa pamoja, mara nyingi juu ya ngozi. Mafundi wao, inadan, waliyeyusha sarafu kupata fedha, ikiwemo reale ya Maria Theresa yenye mwaka 1780, sarafu ile ile iliyokuwa ikitumika Zanzibar katika karne ya 19. Reale hiyo ina uzito wa takriban gramu 28 na kiasi cha fedha cha sehemu 833 kwa 1000, kwa hiyo fundi alijua vizuri ni kitu gani anakitia motoni.

Katika maeneo yote matatu, fedha ndiyo madini ya wanawake wa vijijini, na dhahabu ni zaidi ya mijini. Vito hivyo vilikuwa akiba ya mwanamke mwenyewe, ambayo angeweza kuiuza mwaka wa ukame, na hiyo ndiyo sababu mojawapo ya vito vizito vya zamani kuishia madukani au kuyeyushwa upya.

Hatua ya nne: kuchora

Mfano ufuatao unafuata mtindo wa bamba lililogongwa alama, ambao ni rahisi kwa mwenye vifaa vichache. Tayarisha penseli ngumu, rula na bikari. Chora mstatili wenye upana wa milimita 40 na urefu wa milimita 80, na upitishe mstari wa wima katikati. Nusu ya chini, yaani mraba wa milimita 40 kwa 40, itakuwa kiganja. Nusu ya juu igawe katika safu tano za upana wa milimita 8 kila moja. Safu ya kati ifike juu kabisa, milimita 40, mbili zinazoipakana zifike milimita 34, na mbili za pembeni zifike milimita 22. Kila ncha ifungwe kwa pembetatu fupi ndani ya kimo hicho, na kati ya safu na safu pabaki nafasi ya milimita moja kwa ajili ya msumeno. Mkono wa namna hii hauna kulia wala kushoto, kwa kuwa vidole viwili vya pembeni vinalingana.

Ndani ya kiganja, unganisha sehemu za katikati za pande nne za mraba ili upate uru ambalo kila upande wake una takriban milimita 28. Weka nukta moja katikati ya uru hilo na nukta nyingine moja katika kila pembetatu kati ya zile nne zilizobaki kwenye kona. Sasa kiganja kimerudia hesabu ya vidole. Juu ya kila kidole weka duara dogo lenye nukta, nayo yatakuwa matano. Mwisho, zungushia kiganja mistari miwili sambamba, umbali wa milimita 2 kutoka ukingoni, ukiijaza vipembetatu vinavyofuatana kama meno.

Hapo uache. Tamaa ya kuongeza maua, mizabibu na maandishi ni kubwa, lakini nguvu ya nakshi hii inatokana na mistari iliyonyooka, urudiaji na nafasi tupu. Usiweke jicho la kioo cha buluu katikati ya kiganja, kwa sababu hilo ni la Uturuki na Mediterania ya mashariki, hata kama maduka ya watalii ya Marrakech nayo yanaliuza. Bandika mchoro ukutani, urudi nyuma hatua kadhaa: ikiwa unaona vidole tu na huoni nukta tano za kiganja, zikuze nukta hizo.

Hatua ya tano: kufua

Anayejifunza atumie shaba nyekundu yenye unene wa milimita 0.5 hadi 0.8, kwa kuwa ni laini na bei yake inavumilika. Mtoto au mtu asiye na karakana anaweza kufanya kazi yote kwa bamba jembamba la alumini lililowekwa juu ya blanketi lililokunjwa, akichora kwa kalamu iliyokwisha wino. Mabati ya kuezekea yasitumike kwenye moto kwa namna yoyote, kwa sababu zinki yake hutoa moshi wenye sumu.

Pasha shaba moto hadi iwe nyekundu iliyofifia, ukifanya kazi mahali penye kivuli ili rangi hiyo ionekane, kisha uizamishe kwenye maji, itakuwa laini. Hamishia mchoro kwa karatasi ya kaboni na uukwaruze kwa ncha ya chuma usije ukafutika. Alama zigongwe kabla vidole havijakatwa, kwa sababu vidole vilivyokwisha kutenganishwa hupinda kila vinapopigwa nyundo, na hakuna njia nzuri ya kuvinyoosha bila kuharibu nakshi.

Vigongeo unaweza kuvitengeneza kwa misumari mikubwa, ukiisaga ncha yake kwa tupa: mmoja uwe na ncha ya mviringo kwa nukta, mmoja ncha ya pembetatu, mmoja makali butu kwa mistari. Makali yakiwa makali mno yatakata bamba badala ya kulibonyeza. Kila alama ipigwe mara moja, kwa pigo moja la uhakika, kwa kuwa pigo la pili karibu siku zote hutua pembeni kidogo na kuacha kivuli. Nukta tano za kiganja zitokeze juu kwa kulilaza bamba kifudifudi juu ya mbao laini na kuzigonga kutoka nyuma. Shaba ikianza kuwa ngumu na bamba kujikunja, ipashe moto tena; haina hasara kurudia hivyo mara kadhaa. Vaa miwani ya kukinga macho wakati wote.

Baada ya hapo kata umbo kwa msumeno mwembamba wa sonara, lainisha kingo kwa tupa, na umalizie kwa msasa, ukianza na wa 240 na kwenda hadi wa 600. Paka rangi nyeusi ya mafuta juu ya nakshi yote, ngoja ianze kukauka, kisha uifute juu juu ibaki ndani ya mistari tu. Sehemu zilizoinuka zisugue kwa majivu laini na ndimu.

Tundu la kuning’inizia, lenye upana wa milimita 2, ndilo litakaloamua mkono uelekee wapi. Ukilitoboa chini ya kiganja, milimita 4 kutoka ukingoni, vidole vitatazama chini vikivaliwa. Ukilitoboa kwenye kidole cha kati, vitatazama juu. Maelezo yanayosema kwamba vidole vya juu hufukuza ubaya na vya chini huleta baraka yanapendwa sana na wauzaji, lakini katika vito vya zamani utaona mielekeo yote miwili, na vibishio vya milangoni huelekea chini kwa sababu tu bawaba iko juu.

Hatua ya sita: ukinunua badala ya kutengeneza

Swali la kwanza ni madini. Vitu vingi vinavyoitwa fedha katika masoko ya Afrika Kaskazini ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, ambao hauna fedha hata chembe. Sumaku haisaidii sana, kwa sababu mchanganyiko huo nao kwa kawaida haushikwi na sumaku. Tafuta muhuri, na namba 925 (yaani sehemu 925 za fedha kwa 1000) kwa vito vipya, ukijua kwamba vya zamani vya vijijini mara nyingi havina muhuri wowote. Kama bei ni kubwa, mpe sonara akipime kabla ya kulipa. Enameli ya kweli ni baridi na ngumu kama kioo, ilhali ya bandia ni plastiki inayokwaruzika kwa sindano. Marijani huigwa kwa mfupa uliotiwa rangi au kwa plastiki, hivyo angalia rangi ndani ya tundu la shanga. Kito kilichovaliwa kweli huwa kimelika ndani ya pete yake ya kuning’inizia na upande wa nyuma uliogusa nguo. Uzee wa kupakwa huwa sawasawa kila mahali.

Anayetaka kuona mifano ya kuaminika kabla ya kununua anaweza kutembelea makumbusho ya sanaa za Waamazighi ndani ya Bustani ya Majorelle, Marrakech, yaliyofunguliwa mwaka 2011.

Hatua ya saba: kuvaa na kuuza

Waislamu wengi, wakiwemo Waamazighi wenyewe, hawakubali kuvaa kitu kwa kuamini kwamba kinakinga, na wengine huivaa khamsa kama pambo au kumbukumbu ya mama na bibi zao. Kwa hiyo usimpe mtu zawadi ya khamsa ukimwambia itamlinda kabla hujajua anaelekea wapi katika jambo hili.

Unayeuza kazi yako mwenyewe, iandikie kadi inayosema madini uliyotumia, mji ulikoifua, na eneo ambalo mtindo wake umefuatwa, kwa mfano “khamsa ya shaba, imefuliwa Mombasa, kwa mtindo wa kusini mwa Moroko”. Usiiite ya Kiamazighi bila maelezo hayo, kwa sababu mafundi wa Tiznit, Ath Yenni na Agadez nchini Niger wangali wanaishi kwa nyundo zao, na jina hilo ni sehemu ya bei yao.